Mtungi wa Pili

Mbamba Bay,
Ijumaa mchana.

Mume wangu Baba Anjela,

Naomba karatasi hii ikukute umekaa, na wote hapo Maguu muwe mmeamka salama. Goti la Mama linaendeleaje na mvua hizi? Kikohozi cha Damiani kimeisha? Na ngolo, yale mashimo ya kupandia maharage kule mteremkoni, mmezimaliza kuchimba au mvua imewafukuza? Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu ukifika katikati ya barua utataka kurudi juu kuhakikisha kama nilisema ni mzima. Ni mzima, mikono yote miwili na macho yote mawili.

Nimeona niandike na kumpa dereva wa basi la kesho alfajiri akuletee, badala ya kupiga simu, maana wewe simu ukiipokea unaweka sauti kubwa ili Mama na watoto wasikie. Haya ninayotaka kukuambia uyasome kwanza peke yako.

Jumanne jioni uliponipigia uliniuliza mbona sauti imekauka, nikasema ni mafua. Sikuwa na mafua. Sauti ilikauka kwa kupiga kelele. Tena nilikuacha uamini niko huku ziwani, kumbe nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha wageni nyumbani kwa mdogo wako Otmar, Kitai. Nilipita Mbinga mchana ule, karibu kabisa na nyumbani, nikakuficha. Nisamehe kwa hilo kwanza, halafu usome mengine.

Unaikumbuka ile mashine yangu ya kupulizia rangi? Nilikusimulia juu juu, maana nilitaka siku moja nije nayo nikuonyeshe. Ilianza kwa Fundi Aidani, seremala ninayeshirikiana naye karakana moja. Mimi upande wangu friji, yeye upande wake milango na makabati. Milango yake mizuri, lakini vanishi ya brashi ilikuwa inamwangusha. Mteja mmoja wa nyumba ya wageni alipitisha vidole kwenye mlango akauliza, "Fundi, mbona mlango huu umelia?" Ni kweli ulikuwa na michirizi kama machozi, na nywele za brashi zimeganda humo ndani. Aidani mchana ule hakula.

Nikaanza kufikiria. Kompresa ya friji kazi yake ni kusukuma. Nikasema, ikisukuma upepo badala ya gesi, upepo ukajazwa kwenye mtungi, tunaweza kuipasua vanishi iwe ukungu. Bomba letu la dawa ya kahawa hutoa matone, ukungu halitoi. Mimi nilitaka ukungu. Nikachukua kipande cha shaba, nikatoboa tundu la rangi katikati kwa ncha ndogo kuliko zote za keekee, na pembeni yake nikaacha nafasi ya duara upepo utokee. Mara ya kwanza ikatema kama mtoto anayekataa uji. Mara ya pili ikatoa vishimo vidogo kwenye mbao kama macho ya dagaa wetu wa usipa, nikagundua ni mafuta ya kompresa yanakuja na upepo, nikaweka pamba ya kuyachuja. Halafu yakaja madoa meupe, hayo ni maji, maana upepo wa huku ziwani umelowa na mtungini maji yanajikusanya. Nikaweka koki ya kuyatolea.

Siku ilipokubali, Baba Anjela, nilicheka peke yangu. Mlango ulitoka laini kama maji ya ziwa asubuhi. Aidani aliuzunguka mara tatu akasema, "Mama Anjela, huu mlango hata mimi naogopa kuushika."

Sasa nisikilize vizuri kuhusu koki. Mitungi nilipata miwili kwa muuza vyuma chakavu, ya kuzimia moto, inafanana kama mapacha. Niliilaza kila mmoja juu ya miguu minne ya chuma. Koki ilitakiwa iwe chini kabisa ya tumbo, maji yote yatoke. Lakini miguu ilikuwa inanizuia, na niliogopa kutoboa pale chini nikaharibu mtungi. Nikaiweka ubavuni, juu kidogo, kama vidole viwili kutoka chini. Kwa hiyo kila jioni nilipofungua, maji yalitoka mpaka kufika pale kwenye koki, na yale ya vidole viwili yakabaki. Yakalala humo, wiki baada ya wiki, yakila chuma.

Na nilikuwa naona. Hili ndilo linalonila mimi. Mwanzoni maji yalitoka meupe, baadaye yakawa rangi ya chai, na mwezi uliopita yakaja na magamba ya kutu. Niliyashika kwenye kiganja. Nikasema, nikipata nafasi nitaufungua niangalie ndani. Nafasi nilikuwa nayo. Ila watu walikuwa wanakuja kutoka Liuli kuiona mashine ya Mama Anjela, na sikutaka wanikute nimeipasua vipande.

Jumanne saa tatu asubuhi Aidani alikuwa anapulizia mlango. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu, hatua kama kumi, nimeinamia friji. Geji ilikuwa inasoma vilevile kama siku zote, niliitazama kwa macho yangu muda mfupi kabla. Halafu sijui nikuambie nini. Haukuwa mlio, ulikuwa kama kupigwa na ukuta. Nilipofumbua macho nilikuwa chini na kulikuwa na mwanga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga, kumbe bati moja la paa halipo. Mtungi ulikuwa umepasuka chini, ukaruka, ukatoboa paa, ukaangukia kwenye mihogo ya jirani. Mama anayekaanga samaki mlangoni kwetu alinyanyua jiko lake la mkaa na mafuta yakiwa yanachemka akakimbia nalo, maana vanishi na tina ya kuichanganyia vilikuwa vimemwagika sakafu nzima. Mungu ambariki yule mama. Mimi hata moto sikuukumbuka.

Aidani alikuwa amekaa chini, mdomo wazi, uso wote vanishi. Damu ilikuwa inatoka sikio la kulia. Nilimwita, akanitazama kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Tulimpeleka hospitali, mimi na mke wake. Daktari alikuwa anamsafisha sikio. Ghafla akanishika mkono, akapiga kelele kwa nguvu zote kwa sababu hakuwa anajisikia mwenyewe.

"Ule mwingine! Ule wa Kitai!"

Wagonjwa wote wakageuka. Mpaka dakika ile nilikuwa namlilia Aidani na kujililia mwenyewe, mtungi wa pili haukuwa umenijia kichwani kabisa. Mdogo wako alipokuja huku kuangalia mbao aliniomba, "Shemeji, na mimi nitengenezee," na nikamtengenezea kwa furaha kwa ule mtungi pacha, koki ubavuni vilevile. Aliniuliza, "Haiwezi kulipuka hii?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Shemeji, hii ni salama kuliko sufuria ya mkeo."

Nilimpigia, simu imezimwa. Unamjua, simu anaiacha dukani inachajiwa. Na nilijua wiki hii ana mabenchi ya kanisa la kigango, aliniambia mwenyewe yanatakiwa kabla ya Jumapili, kwa hiyo mashine ilikuwa inafanya kazi kutwa.

Nikapanda basi. Na hapa ndipo kuna jambo la pili la kuniwia radhi. Namba yako ilikuwa mkononi njia nzima. Ningekupigia, ungemtafuta mtu Kitai, katekista au mwenye duka, akakimbia kumwambia azime. Lakini ningelazimika kusema, "Nimeweka kitu cha kuua kwenye karakana ya mdogo wako." Nilifungua simu, nikaifunga. Nikaifungua tena pale Mbinga basi liliposimama, nikaifunga. Nilikuwa naona aibu kuliko nilivyokuwa namwogopea Otmar. Nilipotambua hilo tulikuwa tumeshaondoka Mbinga, na nikamtafuta tena Otmar, simu bado imezimwa, na kwako bado sikupiga. Kama angekufa katika saa ile, ingekuwa saa niliyomnyima mimi.

Nilishuka Kitai saa nane mchana nikakimbia. Karakana yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, nikashindwa kusikia kama kompresa inafanya kazi. Foleni ya akina mama na ndoo zao za mahindi, wengine na watoto mgongoni, walikuwa wameegemea ukuta ule ule. Kwa upande wa ndani, mahali mtungi ulipokuwa, nilipajua. Mimi ndiye niliyemwambia Otmar auweke pale ukutani usimzuie njia.

Nilifika mlangoni nikaona mpira wa upepo unatikisika sakafuni. Otmar ameinama juu ya benchi, kitambaa usoni, bunduki mkononi, ndivyo tunavyokiita kile cha kupulizia. Aliponiona alifurahi kweli.

"Shemeji! Umekuja kuona kazi yako? Hebu njoo, angalia hapa, hakuna hata mchirizi!"

Nilivuta waya ukutani. "Otmar, toka nje."

"Kuna nini?"

"Toka nje sasa hivi."

"Ngoja nimalize hili benchi, vanishi itakaukia kwenye bunduki."

Ndipo nilipopiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu wa ukoo wenu, wewe ni shahidi. Nilimwambia Aidani yuko hospitali, mtungi wake umepasuka, na huu ni pacha wake. Alitazama mtungi, akanitazama, akaweka bunduki juu ya benchi taratibu kama anaweka yai, akatoka kinyumenyume.

Kule nje tuliwaondoa akina mama. Mwenye mashine ya kusaga alikataa kuzima akidhani ni fujo za kifamilia, mpaka Otmar alipomshika shati. Watu wakaenda ng'ambo ya barabara, ndoo zikabaki zimepangwa peke yazo. Pakawa kimya.

"Tuuache," Otmar akasema, "upepo utatoka wenyewe."

"Hautoki wenyewe. Unaweza kukaa mpaka kesho."

"Basi niingie mimi."

"Wewe hukuutengeneza."

Nikaingia. Nataka nikuambie ukweli, Baba Anjela, usije ukasikia kwa Otmar kwamba mkeo ni shujaa. Nilikuwa nalia, na mkojo ulinitoka. Nilitembea nikiwa nimeegemea ukuta wa upande wa pili, kama vile ukuta ungenisaidia nini. Mtungi ulikuwa umelala pale na miguu yake minne, rangi ya buluu niliyoupaka mwenyewe ili upendeze, na geji inasoma kawaida, kama ule mwingine ulivyosoma. Kuifungua koki sikuthubutu, maana kuigusa tu kungeweza kuutikisa. Nilichukua bunduki, nikabana kidole, vanishi ikaanza kutoka, nikarudi nyuma nikiuvuta mpira polepole mpaka nje, nikalala kwenye matope nyuma ya rundo la mbao. Otmar akaja kulala karibu nami ingawa nilimkataza.

Vanishi iliisha ukabaki upepo mtupu, unafoka. Yeye akaanza Salamu Maria, nami nikaitikia huku kidole kimebana. Tulimaliza makumi mawili ya rozari bado unafoka, ukipungua kidogo kidogo, mpaka ukawa kama mtu anayepuliza chai, mpaka ukanyamaza. Kidole changu kilikataa kunyooka, Otmar akakinyoosha.

Tuliugeuza mtungi miguu juu. Otmar akachukua bisibisi akagonga tumbo kwa mpini, si kwa ncha, mara moja tu. Mpini ukazama ndani. Maji meusi ya kutu yakamwagika kwenye maranda. Chuma pale kilikuwa chembamba kama ganda la yai.

Baadaye Otmar akasema, "Shemeji, Jumamosi Mama alikuja na Anjela kunisalimia."

"Najua, aliniambia kwenye simu."

"Anjela alikuwa anakaa hapo juu ya mtungi. Alikula muhindi wake wote hapo, mimi napulizia."

Nitaishia hapo kuhusu hilo, maana nikiendelea sitaweza kuandika. Umtazame mtoto kwa niaba yangu.

Otmar aliniomba nisikuambie. Alisema, "Kaka atakukataza kazi, na mimi atanikataza kukuona. Kwani kuna aliyekufa?" Nilikubali usiku ule, ndiyo maana nikasema mafua. Lakini asubuhi wakati ananisindikiza kituoni akaniambia neno lingine, kwa kulipitia tu, kama habari njema ya kunifariji. Kuna fundi kutoka Matiri alikuja kwake akaipenda mashine, akaipiga picha pande zote pamoja na mchoro wa mashine niliomwachia Otmar, akasema anakwenda kutengeneza ya kwake na kuwatumia wenzake. Otmar hakumuuliza jina. Ni mrefu, alikuja na pikipiki nyekundu, basi.

Tangu hapo sijalala vizuri. Nilirudi huku nikapita karakana zote za njiani Mbinga, nikampata seremala mmoja mwenye picha ile kwenye simu. Namshukuru Mungu alikuwa bado anatafuta kompresa. Nilimfutisha mbele yangu, akanishangaa. Yeye alitumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa. Kwa hiyo mchoro wangu unatembea, na koki iko ubavuni katika kila simu, nimeichora vizuri kabisa kwa rula.

Hali ya Aidani ni kwamba sikio la kushoto linasikia, la kulia daktari hakuahidi kitu. Amerudi kwenye brashi. Jana aliniambia nitengeneze nyingine, koki iwe chini kabisa na mtungi uwe mpya, eti safari hii atakaa upande wa sikio zima. Alikuwa anatania ili nicheke. Mke wake ananiitikia salamu na kuishia hapo, nami simlaumu. Kwa sasa hata friji za watu nashindwa kuziwasha, naunganisha kila kitu halafu nasimama nje ya mlango na waya mkononi. Samaki wakilia kwenye mafuta naruka.

Sasa nakuomba jambo moja. Jumapili baada ya Misa, matangazo yatakaposomwa, mwombe katekista akuruhusu usimame wewe mwenyewe, na upeleke maneno haya haya Matiri kwa mtu unayemwamini asome na kule. Useme hivi: mtu yeyote mwenye mashine ya kupulizia rangi iliyotengenezwa kwa mtungi wa kuzimia moto, uliolazwa juu ya miguu minne, wenye koki ya maji ubavuni, asiiwashe. Kama ina upepo ndani, watu wakae mbali nayo, wanipigie nitakuja mwenyewe popote ilipo. Na mwenye mchoro huo kwenye simu aufute, asimtumie mtu.

Najua unavyofikiria. Utataka kusema "fundi mmoja huko ziwani", ili kunifunika. Naogopa kuliko unavyodhani, Baba Anjela. Naogopa watakavyokutazama pale kanisani, naogopa Mama atakavyoinamisha kichwa, maana aliwahi kusema hii si kazi yangu. Naogopa kwamba ipo moja tayari inafanya kazi saa hii ninapoandika, na mtu anaisifia. Lakini wakisikia fundi mmoja watasema siye aliyechora mchoro walio nao, na wataendelea. Jina ndilo watakalolikumbuka kwenye ule mchoro, maana nililiandika pembeni kwa majivuno. Sema ni mke wako.

Msalimie Mama, umwambie shikamoo yangu na kwamba barua hii asomewe yote. Msalimie wifi yangu Gaudensia na mumewe. Mpe pole mdogo wako Otmar, umwambie nimevunja ahadi niliyompa na nitaivunja tena. Wabusu Anjela na Damiani.

Jina ulisome kama lilivyo hapa chini, lote.

Mkeo,
Editha Kapinga,
fundi friji, Mbamba Bay.